Upande Wangu wa Sinia

Wifi yangu mpendwa,

Mbaazi zimevunwa. Juzi kaka alileta magunia kutoka shamba la Singe, akayashusha palepale ulipokuwa ukiyataka, chini ya dirisha la jiko. Nikachukua ungo nikakaa kuchambua. Nilichambua kidogo nikaacha. Sikujua kwamba kazi ile ilikuwa na sauti yake. Bangili zako za shaba, zile ulizovishwa ukiwa msichana na hazikutoka tena mkononi, zilikuwa zikigonga ukingo wa ungo kila ulipopepeta. Nikipepeta mimi, ni mbaazi tu zinazosikika.

Nakuandikia nikijua hutaisoma barua hii. Hata ungekuwepo ningekusomea mimi, maana ulisema herufi zinakuchosha macho, na darasa la saba langu ndilo lililokuwa likitutosha sote wawili. Nitaisoma mbele ya jumuiya yetu hapa Maisaka, kaka ameniruhusu. Utaniuliza kwa nini mbele ya watu. Nitakwambia, lakini acha nizunguke kwanza, unanijua mimi siwezi kufika sokoni bila kupita kwa kila mtu.

Kaka Daudi alipokuleta kutoka upande wa Hanang, wazazi wetu walikuwa wameshafariki, na mkubwa wetu alikuwa Shangazi Tekla wa Dareda. Shangazi aliangalia zile alama za duara kuzunguka macho yako, akaangalia bangili, akamuuliza kaka mbele yako, "Wasichana wa Kiiraqw wameisha?" Kaka akacheka kwa aibu. Wewe hukucheka. Tangu siku ile Shangazi hakukuita kwa jina. Alikuita "yule Mmang'ati," jina ambalo watu wako hawajiiti, walipewa na maadui zao. Ulipobatizwa ukaitwa Elizabeti, nikadhani sasa atabadilika. Akaendelea: yule Mmang'ati.

Mimi nilikuita wifi, nawe ukaniita wifi. Nililipenda neno lile kwa sababu linakwenda na kurudi vilevile, halina mkubwa wala mdogo.

Unakumbuka siku ya kwanza tuliyokula pamoja? Tulikuwa tumechambua tangu asubuhi, vumbi la mbaazi limetujaa puani. Ukaleta ugali kwenye sinia moja, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu ambacho mama yako alikituma kwa basi la Katesh. Nikaonja, nikasimamisha mkono.

"Wifi, haya maziwa yameungua?"

"Hayajaungua. Kibuyu kimefukizwa moshi. Kula, hutakufa."

"Na nikifa?"

"Ukifa nitachukua vitenge vyako."

Tukacheka mpaka nikapaliwa. Baada ya hapo kila msimu wa mbaazi tulikula hivyo, sinia moja, wewe upande wako na mimi upande wangu, na katikati pale panapokutana hatukujua kilikuwa cha nani. Nyama ikiwepo uliisukuma kwangu kwa kidole kama vile imeteleza yenyewe. Nami nikajiona Mkristo kweli kweli. Nikirudi kwangu nilikuwa nikimshukuru Mungu kwamba mimi si kama wengine wa ukoo wetu.

Halafu kikaja kipaimara cha Anna, binti yenu.

Wiki moja kabla nilikuletea gauni langu la kitenge cha bluu, limekunjwa vizuri kwenye mfuko. Nikasema ni la mama yako, avae siku ya sherehe.

"La nini?" ukauliza.

"Baridi ya huku, wifi."

"Mama yangu haoni baridi."

"Basi kwa ajili ya kanisa."

"Padre amekataa vazi la ngozi?"

"Padre hajakataa."

"Nani amekataa?"

Nikajifanya kuna kitu nakitafuta kwenye kabati lako. Wewe ukalikunja lile gauni upya, ukaliweka.

Siku yenyewe mama yako akaja amelivaa. Alilivaa juu ya vazi lake la ngozi, likamkaa kama gunia lililojazwa kupita kiasi, na kibuyu cha maziwa mkononi. Baada ya misa ukatandika mkeka nyuma, karibu na jiko, ukaweka sinia la pilau. Ulinishika mkono ukaniambia, "Leo nataka mama aone tunavyokula. Nikimwambia haamini."

Tukakaa watatu. Nilikula tonge la kwanza. Mama yako akanitazama mkono ulivyoingia kwenye wali, akatazama na uso wangu, akacheka cheko dogo la furaha na kusema neno kwa lugha yenu. Hukunitafsiria, ukatabasamu tu. Nilikula tonge la pili.

Ndipo geti likafunguliwa. Shangazi Tekla na wenzake wawili kutoka Dareda, na vitenge vyao vya sare. Alisimama pale akatuona. Hakusema na mimi, alisema na wenzake, ila kwa sauti ya kunifikia: "Eh! Kumbe huku siku hizi tunalishwa na Wamang'ati. Mkono wa maziwa ya moshi ndani ya pilau!"

Wakacheka. Na mimi, wifi, nikacheka.

Nilisimama huku nacheka. Nikasema, "Nakuja, wifi, nawapokea wageni." Nikanawa mkono pale bombani, nikawaingiza sebuleni. Mtu akanipa sahani. Nikakaa kwenye kochi pembeni ya Shangazi, nikala, nikaulizia habari za Dareda, mvua, mahindi. Dirisha la sebule linatazama nyuma, unajua. Niliwaona. Wewe na mama yako mlikuwa mmeacha kula. Mmeweka mikono magotini, mnanisubiri, kwa sababu nilikuwa nimesema nakuja. Nilimwona mama yako akikuuliza kitu. Nilikuona ukimjibu kwa kifupi. Baada ya muda mrefu ukachukua mfuniko wa sufuria, ukafunika upande wangu wa sinia, halafu ndipo mkala.

Wageni walipoondoka nilikuja jikoni. Ulikuwa unasugua masufuria.

"Wifi, unamjua Shangazi alivyo..."

"Upande wako niliufunika," ukasema. "Upo pale."

Hukukasirika. Ningejua la kufanya kama ungekasirika. Niliinua mfuniko nikakuta wali wangu, na juu yake mfupa wenye nyama nzuri kuliko zote, ambao mama yako aliuweka. Nilikula nimesimama, peke yangu, umepoa. Niliumaliza wote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Kuanzia siku ile ukanipakulia kwenye sahani. Ile yenye maua, na kijiko, na maji ya kunawa ukinimiminia mwenyewe. "Karibu, wifi." Miaka mitano. Hatukugombana hata siku moja. Uliniuguzia Rozi wangu, ulinisuka nywele, tulikwenda pamoja kupalilia Singe. Mtu angetuangalia angesema hawa mawifi wanapendana, na asingekosea. Lakini wakati wa kula nilikuwa mgeni. Mara kumi nilitaka kusema, "Wifi, lete sinia." Nikashika kijiko. Nilijua nikisema hivyo itabidi niseme na mengine.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipazunguka.

Ulipolazwa, nilikuletea uji kila asubuhi. Wiki ile ya mwisho ulikuwa umebaki macho tu na zile bangili, ambazo sasa zilikuwa zikiteremka mpaka kwenye kiwiko ukiinua mkono. Nilikukalisha, nikashika kijiko. Ukanisukuma mkono taratibu ukasema, "Tule wote, wifi."

Nikasema, "Mimi nimekula nyumbani. Kula wewe upate nguvu."

Ukasema tena, "Anza wewe."

Nikakutania, "Unaogopa nimekuwekea dawa?" Ukafumba macho. Ukanywa vijiko vitatu, ukasema umetosheka.

Nilikuwa nakuonea huruma, Mungu ni shahidi. Niliona uji ni mdogo, nisimpunguzie mgonjwa. Sikuelewa kwamba baada ya miaka mitano ulikuwa umeleta sinia lako tena, ukiwa umelala kitandani, hata huwezi kuliinua. Nami nikakataa mara ya pili, kwa upole, nikidhani natenda mema. Siku mbili baadaye ukafariki.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu kuongoza somo kwenye jumuiya. Somo lenyewe lilikuwa juu ya Wayahudi na Mataifa, jinsi mitume walivyofundisha kwamba Kristo amewapatanisha. Nimeliongoza mara nyingi somo hilo, nalipenda. Paulo anawaandikia watu wa Efeso kwamba palikuwa na ukuta, na ule ukuta umebomolewa msalabani, waliokuwa mbali wamekuwa watu wa nyumbani. Kila mara tukifika hapo tunapiga makofi na vigelegele, kwa sababu sisi wa Babati ni Mataifa, tulikuwa nje tukafunguliwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza, wifi, kama kuna mahali ambapo mimi ndiye niliye ndani na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Safari hii katekista alisema niongeze na habari ya Petro kule Antiokia. Nikawasimulia kwa maneno yangu. Petro alikuwa akila na Wakristo wa Mataifa bila shida yoyote, meza moja. Kisha wakaja watu kutoka kwa Yakobo, Wayahudi wakali wa sheria. Petro akawaogopa, akaanza kujitenga kidogo kidogo, akahama meza. Na wengine wakamfuata.

Mama Rehema, yule jirani yangu asiyeweza kunyamaza, akasema, "Yaani Petro huyuhuyu wa funguo za mbinguni, kaogopa wageni?"

Mzee Yohani akajibu kutoka kwenye kona, "Wageni gani, mama. Hao wa kwa Yakobo ndio walikuwa mashangazi wa siku zile."

Jumuiya nzima ikaanguka kicheko. Mama Rehema alifuta machozi kwa kanga. Mimi nilikuwa nimesimama na kitabu mkononi na sikuona mstari hata mmoja. Nilijiona nimesimama kwenye mkeka wako, nanawa mkono. Nikasema kichwa kinaniuma, katekista akamalizia.

Nilisikia aliyomalizia. Alisema kosa la Petro halikuwa la mafundisho. Petro alijua kabisa kwamba Mungu hana ubaguzi, alishahubiri hivyo nyumbani kwa askari wa Kirumi, aliona na maono juu yake. Mafundisho alikuwa nayo kichwani, miguu ndiyo iliyoondoka. Na kuhama kwake kulisema kitu kwa wale aliowaacha mezani: kwamba mpaka wawe kama Wayahudi, wavae sheria ile, watahiriwe, ndipo wakae naye. Nikakumbuka gauni la bluu. Sikusikia lingine baada ya hapo.

Nyumbani nililia. Nikawaza, Petro alikuwa na Paulo. Huyo alimkabili uso kwa uso akamwambia mbele ya wote, wewe umekosea, hii siyo njia. Iliuma bila shaka. Lakini alipewa nafasi ya kurudi kwenye ile meza wale watu wakiwa bado wapo. Mimi hakuna aliyeniambia. Kaka aliona akanyamaza, kwa kuwa na yeye anamwogopa Shangazi. Wewe ulinifunikia wali. Laiti ungeniponda kwa maneno! Wifi, adabu yako ndiyo inayoniua.

Ndiyo maana nimeamua kusoma mbele ya watu. Nilikuacha mbele ya watu. Kuungama kwa padre nimeungama, na ameniondolea, namshukuru Mungu. Ila padre hakuwa kwenye mkeka ule.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na misa yako ya mwaka. Mama yako alikuja kwa basi, peke yake. Wifi, alikuwa amelivaa lile gauni. Limepauka, limeshonwa ubavuni kwa uzi mweusi, na ndani yake ngozi ileile. Mwaka mzima wa msiba, na bado aliamini hilo ndilo linalomfungulia geti la kwetu. Nilimpokea kibuyu. Halafu nikamwambia Shikamoo, akaitikia Marahaba. Nikamwambia, "Mama, gauni hili nilikupa kwa aibu yangu, si kwa baridi yako. Unisamehe." Sijui kama alinielewa yote. Alishika kitambaa pale pajani, akakiangalia.

"Rangi imekwisha," akasema.

Nikatandika mkeka. Palepale nyuma, karibu na jiko. Pilau likaja kwenye sinia lako, lile lenye ukingo uliobonyea. Tulikaa wawili, mimi na mama yako, na nilikaa upande wangu uleule. Sebuleni Shangazi Tekla alishafika. Siku hizi anatembea na mkongojo lakini sauti haijapungua. Akaniona kupitia dirishani.

"Wewe Mama Rozi! Njoo ndani ukae na wenzako."

Sitakuficha, bado namwogopa. Nina miaka hamsini na mbili, nina mjukuu, na goti langu lilitaka kusimama lenyewe kama la mtoto.

"Nakula, Shangazi."

"Utakula huku!"

"Nimeshaanza huku, Shangazi. Kwa wifi yangu na mama yake."

Waliokuwa wakiosha vyombo uani waliacha. Nilisikia pazia likivutwa. Sitakudanganya kwamba Shangazi alitoka akaja kukaa nasi, hakutoka. Aliondoka mapema, hakuniaga, na tangu siku hiyo simu yangu haipokei. Kaka anasema atatulia. Labda. Ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki, nalia kwa hilo pia. Sikujua kwamba kurudi kwenye meza moja kunaweza kukuondoa kwenye nyingine.

Mama yako alikuwa ameuangalia mkono wangu muda wote huo. Ingawa nilisema nimeshaanza, haukuwa umegusa wali bado, ulikuwa umeganda juu ya sinia. Akasema kwa Kiswahili chake kile kidogo, "Leo wewe hapana simama?"

Miaka sita, wifi. Alikuwa amekumbuka. Kumbe alikuwa amebeba hilo hadi kwenu na kurudi, msiba wako ukamkuta nalo.

"Leo sisimami, mama."

Tukala. Hakunisukumia nyama. Sikuitegemea, lakini niliingojea. Alikula polepole, macho chini, nami nilikula polepole ili tumalize pamoja. Maziwa yalikuwa na moshi uleule. Katikati ya kula nikagundua kwamba kuna mahali kwenye sinia yeye hapagusi. Kila akifika pale mkono unarudi. Ni upande wako, pale ulipokuwa ukikaa, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Nami nikaacha kupagusa.

Tulipomaliza alimwita Anna, akamwambia neno kwa lugha yenu. Anna, ambaye tuliwahi kumkataza lugha hiyo asije akachekwa shuleni, alielewa bila kuuliza. Akaingia jikoni akarudi na mfuniko wa sufuria.

Wifi, sijui kama huko uliko mnaonyeshwa mambo ya huku, na kama umenisamehe sitajua mpaka tuonane. Katekista anasema kule kuna meza moja na hakuna anayehama. Nikifika sitakaa mpaka wewe uniambie nikae wapi. Kwa sasa nakuaga na mikono yangu hii hii iliyonawa wakati haikutakiwa kunawa. Anna nitamtunza, na kwa mama yako nitakwenda mwenyewe, nitakula huko kwake, kwenye nyumba yake, na atavaa anavyotaka.

Upande wako tumeufunika. Upo pale.

Ni mimi,
wifi yako.